Tumbo Joto Lina Rangi Gani?

Kiswahili kina salamu ya ajabu kidogo. Mtu anakuuliza "Hujambo?", yaani huna jambo? Nawe unajibu "Sijambo", sina jambo. Hata kama jana umeshika sapu tatu, hata kama bumu halijatoka na unakula mara moja kwa siku, jibu ni lilelile. Msibani napo ni hivyo hivyo. "Habari za nyumbani?" "Nzuri, ila tumefiwa." Neno "nzuri" linatangulia, jambo lenyewe linafuata nyuma.

Hapo hakuna ubaya, salamu ni adabu. Ubaya unaanza pale mtu anapoijibu nafsi yake kama anavyomjibu jirani. Umekaa kitandani hosteli saa nane usiku, usingizi hauji, unajiuliza "hivi nina nini mimi?", halafu unajijibu "aah, mawazo tu". Mwisho wa maelezo. Unageuka upande wa pili.

Makala hii inahusu njia moja rahisi ya kulipekua hilo neno "mawazo tu": kuchukua yale unayoyasema kuhusu hali yako, maneno yaleyale yanayokutoka mdomoni, na kuyachora kwenye karatasi. Lengo si kuuza picha wala kushinda shindano. Lengo ni ujue kilichomo ndani yako, maana kisichojulikana hakitatuliki.

Lumbesa la mawazo

Mimi kwetu ni Mlangali, wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe. Ukitoka chuo kwenda kule unapita Makambako, unapita Njombe mjini, kisha milima na ukungu. Ni nchi ya viazi, na anayelima viazi anaijua lumbesa: gunia lililojazwa mpaka likazidi, likaongezewa kilemba juu, likashonwa kwa kamba. Ukiliangalia kwa nje huwezi kujua humo ndani kuna viazi vikubwa vingapi, vidogo vingapi, na vilivyooza vingapi. Mpaka ulimwage chini.

Neno "mawazo" ni lumbesa. Siku hizi tumeongeza na jingine, "stresi". Ndani yake tunajaza hofu ya mtihani, aibu ya kukosa hela, wivu, upweke, hasira kwa mtu tunayempenda, majonzi ya msiba wa miaka mitano iliyopita. Vyote tunavishonea humo humo. Halafu tunashangaa kwa nini ushauri wa rafiki hausaidii. Anakuambia "piga msuli, mtihani utapita", kumbe kinachokukaba si mtihani.

Kwetu kijana akilalamika huambiwa "komaa". Na wengi tumekomaa kweli, tumefika chuo. Ila kukomaa bila kujua unakomalia nini kunachosha.

Lugha yetu imeshachora nusu

Habari njema ni kwamba Kiswahili kimekufanyia nusu ya kazi. Sikiliza watu wanavyoongea wakiwa hawajali kujipanga. Hasemi "nina wasiwasi", anasema "nina tumbo joto". Hasemi "nimehuzunika", anasema "moyo umekuwa mzito". Aliyetukanwa anasema "amenikata maini". Anayesubiri matokeo "roho iko mkononi". Aliyekubali jambo bila kupenda amekubali "shingo upande". Asiyesamehe ana "kinyongo", na ndani ya neno hilo unaisikia nyongo. Mwingine anasema koo limemkaba, mwingine kifua kimembana, mwingine damu inamchemka.

Angalia vizuri: kila msemo una kiungo cha mwili, na kila kiungo kina hali yake. Joto. Uzito. Kukatwa. Kuchemka. Kubanwa. Hiyo tayari ni picha: ina mahali, ina ukubwa, ina rangi, ina mwendo. Tatizo ni kwamba tunaisema haraka na inapotea hewani. Ukiichora inabaki, na unaweza kuitazama mpaka uielewe.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2014 watafiti wa Finland wakiongozwa na Lauri Nummenmaa walichapisha utafiti uliohusisha watu 701 kutoka Finland, Sweden na Taiwan. Kila mmoja alipewa mchoro mtupu wa mwili kwenye kompyuta akaambiwa apake rangi mahali anapohisi nguvu ikiongezeka na mahali anapohisi ikipungua, kwa kila hisia. Michoro ilifanana mno. Hasira ilipakwa kichwani, kifuani na mikononi. Huzuni ilionekana kifuani, huku miguu na mikono ikiwa imepoa. Furaha ilienea mwili mzima. Kumbe anayesema "moyo mzito" na "miguu imeisha nguvu" hasemi ushairi. Anatoa taarifa.

Si jambo geni kwetu

Kuna atakayesema hizi ni mambo za Wazungu. Haya, tuangalie nyumbani.

Anza na kanga. Kanga ina sehemu tatu: pindo linalozunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani yale maneno. Maneno yalianza kuandikwa kwenye kanga mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa hizi tunazotumia. Tangu hapo mwanamke wa pwani asiyeweza kumwambia jirani "umeniudhi" alikwenda dukani akatafuta kanga yenye neno lake, akajifunga, akapita uani. Neno lililomkwama kooni likawa nguo inayoonekana. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyegombana, na ujumbe umefika.

Nenda kwa Wamakonde. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Samaki Likankoa, mchongaji aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alianza kuchonga kwenye mpingo viumbe wasiofanana na binadamu wa kawaida: miili iliyopinda, viungo vilivyozidi au kupungua. Mtindo huo ukaitwa shetani, na wachongaji wengi wakaufuata. Mashetani walikuwepo kwenye hadithi na hofu za watu siku zote. Tofauti ni kwamba sasa waliweza kushikwa mkononi na kuwekwa mezani. Hofu uliyoiweka mezani huwezi kuiogopa kama ile iliyo gizani nyuma ya nyumba.

Ila kuna tofauti moja na tunachozungumza hapa. Kanga inaongea na jirani. Kinyago kinaongea na mnunuzi. Mchoro ninaousema unaongea na wewe mwenyewe, na ukitaka unaweza kuuchana baada ya hapo.

Ilivyotumika kwenye magonjwa

Huko Uingereza, mchoraji Adrian Hill aliugua kifua kikuu mwishoni mwa miaka ya 1930, zama ambazo tiba yake kubwa ilikuwa kulala na kusubiri. Akiwa kitandani alichora. Akaona kichwa chake kinatulia, akawafundisha wagonjwa wenzake, na mwaka 1942 ndiye aliyeipa kazi hiyo jina la tiba kwa sanaa. Leo ni taaluma kamili, ina vyuo na vyeti vyake.

Mfano ulio karibu nasi zaidi uko Khayelitsha, nje kidogo ya Cape Town, Afrika Kusini. Mwaka 2002 msanii Jane Solomon alifanya kazi na kundi la wanawake waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI. Wakati huo dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijaanza kutolewa kwa wote katika hospitali za serikali nchini mwao. Kila mwanamke alilala juu ya karatasi kubwa, mwenzake akamzungushia mstari kufuata mwili wake. Ndani ya mstari huo akachora maisha yake: kirusi kilipo, kovu lilipo, anapohisi nguvu, anayemtegemea. Wakaita ramani ya mwili. Michoro na simulizi zao zilitoka kama kitabu mwaka 2003, na njia hiyo imetumika sehemu nyingi tangu hapo.

Nimeitaja Khayelitsha kwa sababu. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima mkoani Njombe wanaishi na virusi vya UKIMWI, na ule wa 2022–2023 ukakuta asilimia 12.7. Mara zote mbili mkoa wetu ndio uliokuwa juu kuliko yote nchini. Maana yake ni kwamba wengi tuliotoka Njombe, Makambako, Ludewa na kwingineko tumekua kwenye nyumba ambazo kuna jambo halitajwi. Kuna mjomba aliyefariki na ugonjwa ukaitwa jina jingine. Kuna mtoto aliyelelewa na bibi bila kuelezwa kwa nini. Mtoto huyo sasa ni mwanachuo, yuko darasani na mimi na wewe, na ukimsalimia anasema "poa". Si lazima aseme kwa mtu yeyote. Ila ana haki ya kuwa na mahali pa kuliweka jambo hilo nje ya kifua chake, walau kwa dakika ishirini.

Namna ya kufanya

Unahitaji simu, karatasi moja ya A4 na kitu cha kuchorea. Kalamu za rangi ni nzuri, ila kalamu ya bluu na nyekundu za darasani zinatosha. Hata mkaa unafaa.

*Kwanza, ongea.* Jifungie mahali, washa kinasa sauti cha simu, ongea dakika tatu bila kusimama. Swali ni moja: "Leo nikoje?" Tumia lugha inayokuja yenyewe. Kama ni Kipangwa au Kibena, sawa. Usitumie lugha ya ripoti ya fildi. Tunaanza na mdomo kwa sababu kalamu ina tabia ya kujipanga, wakati mdomo ukiachiwa unasema lililopo.

*Pili, sikiliza.* Rudia kusikiliza ukiwa na kalamu. Usiandike kila kitu. Andika misemo yenye mwili, joto, uzito au mwendo tu: "kichwa kimejaa", "nimechoka mpaka mifupa", "najiona nimekwama". Utapata mitatu, minne. Sikiliza pia pale sauti iliposhuka au uliponyamaza ghafla. Weka alama hapo.

*Tatu, chora.* Chora umbo la mtu, hata la vijiti. Kila msemo uliouandika uweke mahali pake, kama ulivyosema. Umesema kichwa kimejaa, basi kijaze. Kimejaa nini? Maji, mchanga, sauti za watu? Umesema umekwama, chora unachokwamia. Ni tope, mlango au mtu? Kitu kikubwa moyoni kiwe kikubwa kwenye karatasi. Rangi chagua mwenyewe. Usiulize nyekundu huwa inamaanisha nini, uliza kwako nyekundu ni nini. Kwa mmoja ni damu, kwa mwingine ni udongo wa kwao.

*Nne, tazama.* Weka karatasi ukutani au kitandani, rudi nyuma hatua mbili, jiulize maswali manne. Nini ni kikubwa kuliko nilivyotegemea? Nini hakipo, wakati nilidhani ndicho kinachonisumbua? Mikono ya huyu mtu inafanya nini? Kama picha hii ingekuwa ya rafiki yangu, ningemwambia nini?

*Tano, ipe jina.* Andika chini neno moja au sentensi fupi. Si "mawazo", si "stresi". Neno halisi: aibu, deni, kinyongo, upweke. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, waliwaonyesha watu picha za nyuso zenye hisia kali huku wakipima ubongo wao. Walipoitaja hisia iliyo usoni kwa jina lake, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu ilipunguza kazi. Kutaja jina hakuondoi tatizo, ila kunapunguza moshi ili ulione tatizo lenyewe.

Tuchukue mfano

Mfano huu ni wa kutunga, lakini nadhani utamtambua mtu. Mwanachuo wa mwaka wa pili, mtoto wa mkulima wa Mlangali. Imebaki wiki moja mitihani ya mwisho ianze. Anaongea na simu yake:

"Nina stresi tu yaani. Bumu halijatoka, nina tumbo joto na hii mitihani, sijui kama ntatoboa. Juzi baba kapiga simu kasema kauza ile miti... aah. Basi tu. Koo limekaba. Mabega yananiuma kama nimebeba mzigo, na sijabeba kitu."

Anasikiliza. Anaandika: tumbo joto, koo limekaba, mabega yamebeba mzigo. Anagundua alinyamaza baada ya neno "miti". Anaweka alama.

Anachora. Tumboni anapaka nyekundu kidogo. Kooni anachora fundo la kamba. Mabegani anaanza kuchora gunia, halafu mkono unakwenda wenyewe, anachora magogo. Anayapanga moja juu ya jingine mpaka yanazidi kichwa.

Anarudi nyuma na kutazama. Mitihani, ambayo amekuwa akiisema wiki nzima, ni doa dogo tumboni. Magogo yamechukua nusu ya karatasi. Anayetoka kwetu ataelewa mara moja: familia nyingi zimepanda miti ya mbao kama akiba, na mti ukiuzwa kabla haujakomaa bei yake ni ya hasara. Baba ameuza shamba changa ili mtoto amalizie ada. Huyu mtoto haogopi mtihani hasa. Anajiona amekula miti ya wadogo zake. Anaandika chini: "Deni."

Sasa kuna cha kufanya. Ushauri wa "piga msuli" usingemfikisha hapo, maana alikuwa akisoma ukurasa mmoja mara kumi huku magogo yakimlemea. Jioni anapiga simu. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu, hujambo huko?" Na kwa mara ya kwanza hasemi sijambo. Anasema, "Baba, ile miti inanisumbua." Anachojibiwa na mzee ni chao wenyewe. Miti haitarudi, lakini jambo sasa limebebwa na watu wawili.

"Mimi sijui kuchora"

Hili ndilo jibu la wengi, na ndilo jepesi kuliko yote kulijibu. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa chuo kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 kalamu, udongo na karatasi za kukata na kubandika, wakawaacha watengeneze watakacho kwa dakika 45. Walipima mate yao kabla na baada ya hapo kuangalia kotiso, kemikali ambayo mwili huitoa ukiwa na msongo. Karibu watu 75 kati ya kila 100 kiwango chao kilishuka. Na haikuleta tofauti ya maana kama mtu ana uzoefu wa sanaa au hana.

Mimi naona asiyejua kuchora ana nafuu. Fundi anaweza kujificha nyuma ya ufundi wake, akachora uso mzuri wa kusikitisha na asiseme lolote kuhusu yeye. Wewe wa vijiti na miduara huna pa kujificha.

Mambo ya kuangalia

Picha hiyo ni yako. Usiiweke staitasi. Ukishaanza kufikiria watakaoiona, utaanza kuchora kwa ajili yao, na tutakuwa tumerudi kwenye "sijambo". Ukiishi chumba cha watu wanne, ikunje uifiche, au uichane. Ile sauti kwenye simu nayo uifute.

Usimlazimishe mwenzako aonyeshe yake, wala usimtafsirie. Rafiki yako amechora nyoka, usimwambie ana adui. Muulize tu, "Huyu nani?" halafu kaa kimya.

Usichimbe usichoweza kukifukia peke yako. Kama una jeraha kubwa, la kubakwa, kupigwa au kifo ulichokishuhudia, usilichore ukiwa peke yako usiku. Anza na mambo madogo ya wiki hii. Na ukichora mara kwa mara ukaona picha inayorudi ni ya kujidhuru au kutokuwepo tena, hapo karatasi imemaliza kazi yake. Nenda nayo kwa mtu: ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, mtaalamu wa saikolojia, zahanati ya chuo, kiongozi wa dini unayemwamini. Ukishindwa kueleza, iweke mezani. Picha itaanza kuongea kabla yako, na hiyo ni faida yake nyingine.

Mwisho, kuchora hakuleti bumu, hakufuti sapu na hakupandishi bei ya viazi. Mengi yanayotusumbua yana sababu za nje, na hizo tutaendelea kuzidai kwa viongozi wetu, serikali yetu ya wanafunzi ikiwemo. Lakini mtu anayejua kinachomuuma anadai vizuri zaidi kuliko anayesema "mawazo tu".

Mitihani inakaribia. Karatasi moja, kalamu mbili, dakika tatu za kuongea na ishirini za kuchora. Limwage lumbesa chini uone kuna nini.